Kungwi Hana Saini: Uongozi wa Mwanamke Kanisani Huko Kusini na Ukimya wa Uhakiki Wetu

Utangulizi

Katika semina yetu ya usawiri wa mwanamke, muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akatoa hoja iliyopigiwa makofi. Alisema kwamba fasihi ya Kiswahili haina mhusika mwanamke anayeongoza kanisani kwa sababu kanisa lenyewe halina mwanamke anayeongoza. Fasihi ni kioo cha jamii, akasema, na kisichokuwepo hakiwezi kuonekana kiooni. Akakaa. Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo, maana hoja ilikuwa imenyooka na saa ya chakula ilikuwa imefika.

Lakini makofi yale yalinisumbua hadi bwenini. Mimi ni mtoto wa Mtwara. Nimekulia mjini, karibu na bahari, lakini asili ya mama yangu ni bara, upande wa Masasi, na huko ndiko nilikopelekwa likizo moja ya Desemba nikachezwa unyago. Aliyesimama mbele yetu siku zile alikuwa Mkristo wa kanisani kabisa, mwenye kiti chake mbele upande wa akina mama. Sasa nikajiuliza: yule hakuwa kiongozi? Na kama alikuwa kiongozi, uongozi wake ulikuwa wa kanisa au wa ngoma? Na kwa nini mimi, mwanafunzi wa fasihi wa mwaka wa tatu, nilipiga makofi kuambiwa kwamba hakuwepo?

Makala haya yanakusudia kuijibu hoja ile ya semina. Sitadai kwamba wanawake wa kusini wana madaraka yote wanayostahili kanisani. Hawana. Ninachodai ni kwamba wapo viongozi ambao uhakiki wetu hauwaoni, na kwamba kosa haliko kwenye kioo. Liko kwetu sisi tunaokishika.

Namna tunavyosoma

Wenzangu, tuseme ukweli. Ukipewa swali la mtihani juu ya nafasi ya mwanamke katika kazi yoyote ya fasihi, unajua cha kufanya. Unaorodhesha: mwanamke kama mama mlezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama kiumbe duni, mwanamke kama mwanamapinduzi. Chini ya kila kichwa unatia mfano mmoja. Alama zinapatikana, maisha yanaendelea.

Orodha hii imetusaidia kupita mitihani, lakini imetufundisha pia kutafuta mwanamke anayefanana na vichwa vyake tu. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Jina lenyewe limetolewa katika litania ya Bikira Maria. Kanisa linaingia kitabuni kuanzia jaladani. Hata hivyo, tunapoihakiki, tunamjadili Rosa, baba yake Zakaria, ukali wa malezi, pombe na shule. Ni mara ngapi tumeuliza jina lile la Kikatoliki lilifikaje kinywani mwa watu wa Ukerewe, na ni nani aliyewafundisha watoto kulitamka? Litania haijifundishi yenyewe. Kuna mtu aliyekaa na watoto akawaitikisha.

Au chukua Nguzo Mama ya Penina Muhando ya mwaka 1982. Wanawake wa Patata wanatakiwa kuisimamisha nguzo, na tamthilia nzima ni jasho, kamba, maneno na ugomvi wao. Tumezoea kusema kwamba ujumbe wake ni umoja wa wanawake katika kupigania ukombozi. Sawa. Lakini tamthilia ile inauliza pia swali la uongozi: wanawake wakiwa peke yao, bila mwanamume wa kuwapanga, nani anaitoa sauti ya kwanza ili wengine waitikie? Kwetu kusini swali hilo lilikuwa na jibu zamani sana. Anayetoa sauti ya kwanza ni kungwi.

Masasi: kanisa linakutana na ngoma

Kwa wasomaji wasiojua kwetu, naomba nieleze kidogo. Pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani kushuka Msimbati hadi mlango wa mto Ruvuma, ni nchi ya Waislamu kwa sehemu kubwa. Ukristo wa Kianglikana ulijikita bara zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapitia Lindi, akaweka kijiji chao Masasi. Huyu ni Steere yuleyule ambaye mwaka 1870 alichapisha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa Zanzibar, kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kumkwepa. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, waliivamia Masasi, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Dayosisi ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza akawa Vincent Lucas.

Lucas ndiye anayetuhusu hapa. Alikuta Wamakua, Wayao na Wamakonde wenye jando na unyago, na akakuta kwamba Mkristo aliyekatazwa kumpeleka mwanawe ngomani alikuwa anampeleka usiku. Badala ya kupiga marufuku tu, misheni iliamua kuzifanya ngoma hizo kuwa za Kikristo. Jando la Kikristo lilianza mwaka 1913, kabla Lucas hajawa askofu. Baadhi ya mambo yaliondolewa, sala na mafundisho yakaingizwa, na mapadre wakashika nafasi zilizokuwa za waganga na wazee. Habari hii ilimpa Lucas sifa nje ya nchi. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandikia sura nzima katika kitabu alichokihariri pamoja na Isaria Kimambo mwaka 1972.

Kwa hiyo wanahistoria wanaijua habari ya Masasi. Wanateolojia wanaijua. Sisi watu wa fasihi ndio tumeiacha, ilhali ni habari ya kuhariri matini. Jando na unyago ni nini kama si mkusanyiko wa nyimbo, mafumbo, maigizo na vitendawili vinavyofundishwa kwa mpangilio? Kuifanya ngoma kuwa ya Kikristo maana yake ni kuamua wimbo upi ubaki, upi utoke, fumbo lipi lifafanuliwe vingine. Hiyo ni kazi ya mhariri. Na mhariri anayeshika kalamu nyekundu ndiye mwenye mamlaka.

Mlango ambao askofu hakuupita

Hapa ndipo ninapoiweka hoja yangu. Katika jando, padre aliweza kuwa mhariri yeye mwenyewe. Alikuwa mwanamume, aliingia porini na wavulana, akasikia, akachagua, akakataza. Lakini unyago je? Kwa wanawake wa kusini, mwanamume haingii. Si padre, si askofu, si mume. Askofu mwenye mamlaka ya kuufungua na kuufunga mlango wa kanisa alisimama nje ya mlango wa unyago kama kijana yeyote wa kijijini.

Ilibidi basi uhariri ule uwe mikononi mwa wanawake. Wanawake wamisionari walitia mkono wao, lakini ngoma inaongozwa na mwenye lugha, na mwenye lugha alikuwa mama wa Kimakua au wa Kiyao aliyebatizwa. Yeye ndiye aliyejua wimbo huu unasema nini juujuu na unasema nini chini. Fumbo lina matabaka. Ukiambiwa ulitoe lililo chafu uliache lililo safi, ni lazima kwanza ujue lipi ni lipi, na lipi likitolewa litabomoa zima. Askofu aliweza kuagiza kwamba unyago uwe wa Kikristo. Hakuweza kusikia ukiimbwa. Kati ya agizo na wimbo alisimama mwanamke, na katika nafasi hiyo alikuwa na madaraka kamili.

Tazameni kinaya kilichopo hapa. Utaratibu uleule uliomzuia mwanamke asisogelee altare ulimzuia askofu asisogelee ngoma. Ukuta mmoja, pande mbili. Sisi wahakiki tumeutazama ukuta huo kutoka upande wa altare tu, tukahesabu waliofungiwa nje, tukaandika kwamba hakuna mwanamke kiongozi. Hatukuzunguka kutazama upande wa pili.

Na nyaraka zimetusaidia kukosea. Gazeti la Msimulizi, lililoanza mwaka 1888, lilikuwa la wavulana wa shule ya Kiungani, Zanzibar. Habari za vituo vya huku kwetu zimo, lakini wanaoandika ni walimu na wanafunzi wanaume. Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo mwaka 1890, alifanya kazi Chitangali, na jina lake linafahamika. Mkewe, Lucy Magombeani, alitoka shule ya wasichana ya Mbweni, na huko alikuwa mwalimu. Mwalimu wa Mbweni anapokwenda kuishi Chitangali hageuki ghafla kuwa mke wa padre tu. Lakini ukitafuta katika historia utamkuta katika nusu sentensi, baada ya neno "mkewe". Katika uhakiki tuna istilahi ya mhusika bapa. Nadhani watu wengine hawakuwa bapa, waliandikwa bapa.

Je, kungwi ni wakala wa mfumo dume?

Najua pingamizi linalokuja, na walimu wangu wameshanitega nalo. Kungwi anafundisha nini? Anamfundisha mwali kumheshimu mume, kunyamaza, kuvumilia, kupika, kulea. Kama huu ni uongozi, si ni uongozi wa kuwaingiza wanawake wenzake kizuizini? Na kungwi wa Kikristo si ndiye mbaya zaidi, maana ameongeza amri za kanisa juu ya amri za mila?

Pingamizi lina nguvu na silikimbii. Nilichezwa, najua niliyoambiwa, na mengine sikubaliani nayo hadi leo. Lakini tumelikuta swali hili mahali pengine tukalichukua kwa heshima. Mwaka 1858, huko pwani ya kaskazini, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha juu ya dini, mume na watu. Utenzi ule tunausoma darasani mwaka wa kwanza. Wengine wanasema Mwana Kupona anafundisha utii. Wengine wanasema ukiusoma vizuri utaona anamfundisha binti jinsi ya kumtawala mume huku akionekana kutii. Mjadala haujaisha, na hautaisha, na hiyo ndiyo raha ya fasihi.

Sasa basi, tofauti ya Mwana Kupona na kungwi wa Masasi ni nini? Wote ni wanawake wazima wanaomfunda binti. Wote wanachanganya dini na maisha ya nyumbani. Wote wanatumia lugha teule yenye maana ya juu na ya chini. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona aliandika na jina lake likabaki. Kwa hiyo yeye tunamhakiki, tunambishia, tunamtetea. Kungwi hatumbishii hata kidogo, kwa sababu hatujamkubali kuwa mtunzi. Kubishiwa ni heshima. Hata Siti binti Saad, ambaye hakuwa mtu wa kuandika, alipata bahati ya Shaaban Robert kumwandikia wasifu. Makungwi wa kanisa la kusini hawajapata Shaaban Robert wao.

Hata hivyo, tusipige vigelegele mapema. Madaraka yasiyo na cheo yananyang'anyika kirahisi. Huko Kenya magharibi, mwaka 1963, Gaudencia Aoko alikuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa vuguvugu la Legio Maria lililojitenga na Kanisa Katoliki. Alihubiri na kubatiza umati wa watu. Lakini kanisa lile lilipojipanga na kuwa na ngazi za uongozi, upadre ukawa wa wanaume. Sauti ilifungua njia, cheo kikaifunga. Kungwi wa kwetu yuko katika hatari hiyohiyo: kila mtu anamsikiliza hadi siku ya kupiga kura.

Tamthilia ambayo haijaandikwa

Kuna mwanamke mwingine wa kusini ambaye fasihi yetu imempita bila shikamoo. Mwaka 1946, katika Dayosisi ya Masasi, kilianzishwa Chama cha Mariamu Mtakatifu, shirika la masista Waafrika wa Kianglikana. Waliolea mwanzo wake walikuwa masista Waingereza wa shirika lililoundwa na Askofu Frank Weston wa Zanzibar mwaka 1911. Baadaye Waafrika wenyewe wakashika uongozi, na mkuu wao ni mwanamke.

Wenzangu wa tamthilia, hebu fikirini mgogoro uliopo hapo. Wamakua, Wayao na Wamakonde wanafuata ukoo wa mama. Mtoto wa binti ndiye anayeuendeleza ukoo. Mjomba anamtazama mpwa wake wa kike kama mlango wa kizazi kijacho. Binti huyu amechezwa unyago, maana yake ametangazwa hadharani kuwa tayari kuwa mama. Kisha anakwenda kwa wazazi na kusema anataka kuwa sista. Hataolewa, hatazaa. Katika nchi ya ukoo wa baba, sista anaikosesha familia mahari. Kwetu, sista anauzima ukoo upande wake. Ni nani aliyekaa kikao hicho? Mjomba alisema nini? Bibi alilia au alinyamaza? Na baada ya miaka 30, binti yuleyule anaitwa Mama na shirika zima, na watu wa ukoo uleule wanamjia kuomba ushauri.

Mgogoro wa ndani upo, mgogoro wa nje upo, itikadi mbili zinagongana, na mhusika anabadilika. Kama hii si tamthilia, basi nifundisheni upya maana ya neno hilo. Lakini nenda maktaba kalitafute jambo hili kwenye rafu za riwaya na tamthilia za Kiswahili. Utamkuta sista kama mwalimu mkali wa kupita, au nesi aliyevaa nyeupe. Mara nyingi hana hata jina. Mwenzetu wa semina alisema kwamba kioo hakioni kisichokuwepo. Masista hawa wapo tangu mwaka 1946, na kioo bado kimegeuzwa ukutani.

Mama Mchungaji ni nani?

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, niruhusuni nigeuke kidogo niitazame lugha yenyewe. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Mchungaji anahubiri, askofu anabariki, mzee wa kanisa anakusanya sadaka: katika sentensi hizo hujui kama ni mwanamume au mwanamke. Ungedhani lugha ya namna hii ingempokea mwanamke kiongozi bila taabu.

Lakini sikiliza mitaani. Ukisema "Mama Mchungaji", watu wanaelewa nini? Wanaelewa mke wa mchungaji. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliridhia mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka uliofuata. Tangu hapo mke wa mchungaji na mchungaji mwenyewe wameweza kuitwa kwa jina moja. Cheo cha kusomea miaka mingi chuoni na cheo cha kuolewa vimevaa kanga moja. Mwenye cheo chake analazimika kujieleza, au watu wanaongeza maneno: "mchungaji wa kike", kana kwamba mchungaji bila maelezo ni lazima awe na ndevu.

Kwa Waanglikana wa kusini na kwa Wakatoliki neno ni "padre", tulilolipata kwa Wareno, na ndani yake limebeba baba. Dayosisi zenye asili ya UMCA kwa muda mrefu zimeshikilia kwamba upadre ni wa wanaume, ingawa dayosisi nyingine za Kianglikana hapa nchini zimewapa wanawake daraja hilo. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka mwaka 1994 kwamba kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Wakati huohuo majirani zetu Kenya mwaka 2021 walipata maaskofu wawili wanawake wa Kianglikana: Emily Onyango, askofu msaidizi Bondo, na Rose Okeno, askofu wa Butere. Neno "askofu" liliwapokea wote wawili bila kubadilisha hata kiambishi.

Sisemi kwamba lugha ndiyo inayomzuia mwanamke. Nasema lugha inatunza kumbukumbu ya nani alitarajiwa kukaa kwenye kiti. Neno "kungwi" halihitaji nyongeza wala maelezo. Ukisema kungwi, kila mtu anaona mtu mzima mwenye hekima na mwenye kauli. Ni moja ya maneno machache tuliyonayo ya uongozi ambayo hayajawahi kuomba ruhusa kwa mwanamume.

Ushahidi na siri

Nilipompelekea mwalimu wangu rasimu ya makala haya, aliisoma, akaniuliza swali moja tu: "Nyimbo ziko wapi?" Ana haki. Mhakiki asiyenukuu kazi anayoihakiki ni sawa na mpishi anayesifia chungu kilichofunikwa. Kwa hiyo likizo nilikwenda kwa bibi yangu, yule mwenye kiti cha mbele upande wa akina mama, aliyekuwa kungwi na bado ni mwenyekiti wao kanisani. Nilikwenda na daftari jipya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kula au umekuja kuuliza?"

Nikamweleza. Nikamwambia chuoni wanasema kanisa halina mwanamke kiongozi, na mimi nataka kuwaonyesha. Nikamwambia nahitaji nyimbo tatu tu, nizinukuu, nizifafanue. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. Kisha akasema, "Wale wanaosoma hilo gazeti lenu, wote wamechezwa?" Nikasema hapana, wengine ni wanaume. Akaendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akasema, "Basi unajua jibu. Usinifanye nikakukatalia wewe."

Nilirudi na daftari tupu, na nimekaa nalo tangu siku ile. Mwanzoni nilikasirika, kwa sababu aliyekuwa akininyima ushahidi ni yuleyule niliyetaka kumtetea. Baadaye nikaanza kuelewa kwamba kukataa kwake ndiko kulikokuwa ushahidi. Mimi nilikwenda kama mjukuu mwenye elimu ya chuo kikuu, na yeye aliamua nini kitoke na nini kibaki. Ndivyo makungwi walivyofanya mbele ya misheni. Bibi alikuwa anaihariri makala yangu.

Hapa kuna kitanzi ambacho sijakifungua. Mamlaka ya kungwi yamedumu kwa sababu ya siri, na siri hiyohiyo ndiyo inayomfanya asiandikwe popote. Nikizitoa nyimbo, nitampatia nafasi katika uhakiki wetu kwa kumnyang'anya kile kilichomfanya awe kiongozi. Nisipozitoa, ataendelea kuwa nusu sentensi baada ya neno "mkewe". Wakusanyaji wa fasihi simulizi, kuanzia Steere hadi sisi na simu zetu za kurekodi, hatukuzoea kuuliza swali hili. Tumezoea kuona kwamba kilichofichwa ni hazina inayosubiri kuchimbuliwa.

Msimamo wangu kwa sasa ni huu: sinukuu. Ninaweza kuhakiki nafasi, mamlaka, namna ya utendaji, nani anaanza na nani anaitikia, nani anaruhusiwa na nani anazuiwa. Maneno yenyewe yana wenyewe. Mtakaosema uhakiki huu una upungufu mtakuwa mmesema kweli, lakini upungufu huu nimeuchagua.

Ila siri isigeuzwe kisingizio na upande wa pili. Bibi yangu amewafunda wasichana wa kanisa lile kwa zaidi ya miaka 30. Wake wa makatekista wamepita mikononi mwake, na mke wa padre mmoja pia. Ilipofika Jumapili ambayo padre hayupo na katekista ni mgonjwa, neno lilisomwa na kijana wa kidato cha nne aliyekuwa akikwama kila mstari wa pili. Bibi alikaa kwenye kiti chake cha mbele, akimsaidia kwa kunong'ona. Wote tulisikia mnong'ono kabla ya kusikia somo. Hakuna siri ya unyago iliyokuwa inalindwa pale. Pale palikuwa na mazoea tu.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, narudi kwenye hoja ya semina. Fasihi ni kioo, tuliambiwa, na kioo hakimwoni mwanamke kiongozi kanisani. Nimejaribu kuonyesha kwamba huko kusini mwanamke huyo amekuwepo katika sehemu tatu angalau: unyagoni, ambako alihariri matini ambayo askofu hakuruhusiwa kuisikia; utawani, ambako aliukabili ukoo wa mama na baadaye akaliongoza shirika; na kwenye lugha yenyewe, ambamo jina la uongozi wake halijawahi kuhitaji maelezo. Hakuonekana kwa sababu tulikuwa tunatafuta saini, na yeye hana saini. Anatoa sauti ya kwanza, wengine wanaitikia, na ikifika asubuhi hakuna karatasi iliyobaki.

Ninapendekeza mambo mawili kwa wenzangu. La kwanza, tuiache ile orodha ya mama mlezi na chombo cha starehe ipumzike kidogo, na katika kila kazi tuulize nani anaanza wimbo na nani anaitikia. La pili, mwenye kipaji cha tamthilia aandike kile kikao cha mjomba na binti anayetaka kuwa sista. Kwa hicho havunji siri ya mtu.

Na yule mwenzetu wa semina, kama anasoma hapa, ajue kwamba makofi yangu ya siku ile nayafuta. Karibu Masasi likizo ijayo. Bibi atakukaribisha chakula, atakusikiliza vizuri sana, na hatakuambia kitu.